Bonyeza Tena, Haijasoma

Afande alinipigia simu mara mbili, na mara zote mbili nilimkatia.

Mara ya kwanza nilikuwa Mwaloni, soko letu la dagaa pale Kirumba, Mwanza, tunapakia gari la mteja wa Bujumbura. Makuli wanapiga kelele, mzani umegoma, mimi nimeshika daftari kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Mtu akajitambulisha kuwa ni askari, akataja majina yangu matatu kwa mpangilio, kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho. Nikajisemea, haya, wameanza tena. Nikamwambia, "Kaka, leo umemkosa mjinga, jaribu kwingine," nikakata. Makuli waliokuwa karibu wakacheka. Mara ya pili alipiga jioni nikiwa kwenye daladala. Sikumwacha hata amalize salamu.

Nilijiona mjanja. Meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" nilikuwa nazisoma kwa sauti kibandani ili tucheke na wenzangu. Namba ya siri sijawahi kumpa mtu, hata baba Kulwa. Kama ni kutapeliwa, nilidhani mimi nimeshavuka.

Siku ya tatu afande alikuja mwenyewe, yeye na mwenzake, wamevaa kiraia, wameongozana na kiongozi wa soko. Waliniita pembeni kwa heshima, siwezi kusema uongo. Lakini Mwaloni hakuna pembeni. Nilipopanda gari lao, soko zima lilikuwa limeshanyamaza, na anayelijua soko lile atakuambia ukimya wake ni mbaya kuliko kelele.

Kituoni nilimkuta mzee amekaa kwenye benchi, kofia mapajani, mfuko wa rambo wenye karatasi umekunjwa vizuri mkononi. Alikuwa ametoka Sengerema, amevuka na kivuko cha Kamanga alfajiri. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," maana mtu wa umri ule huwezi kumpita. Hakuitika. Aliniangalia usoni, kisha viatu, kisha akageukia ukutani. Mimi ni mtu mzima, nina mapacha wako sekondari, na sijawahi kunyimwa salamu na mzee. Nikajua hapa kuna jambo.

Afande akaweka karatasi mezani. "Mama, namba hii ni yako?"

Nikaisoma. Siijui. Nikasema si yangu.

"Na jina hili?"

Jina lilikuwa langu, majina yote matatu, hadi ile herufi moja ambayo waandikishaji walinikosea miaka ile na sikuwahi kwenda kurekebisha.

"Basi na namba ni yako," akasema.

Ilikuwa hivi. Mzee alikuwa na shilingi 480,000 za ada ya mjukuu. Mhasibu wa shule alikuwa amemwahidi kumtumia namba ya kulipia. Asubuhi ikaingia meseji: ile hela itume kwenye namba hii. Wanaotuma meseji hizo hawajui nani ana ada wala nani anadaiwa. Wanazimwaga kwa maelfu ya watu, na katika maelfu lazima utampata mmoja aliyekuwa anasubiri meseji ya namna hiyo hiyo. Mzee hakuwa mzembe. Alivyotaka kutuma, aliangalia kwanza jina litakalotokea, kama tunavyoambiwa kila siku. Likatokea jina la mwanamke, la Kisukuma, la heshima. "Nikasema ndiye mhasibu," alimwambia afande huku bado anaangalia ukuta. Akathibitisha. Dakika chache baadaye hela ilikuwa imeshatolewa kwa wakala mkoa mwingine kabisa.

Kwa hiyo jina langu ndilo lililomtoa wasiwasi. Hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa sangara, na halijatoka hadi leo.

Afande wa kike, kijana, aliyekuwa anaandika maelezo, aliniuliza kama nimewahi kuhakiki laini zangu. Nikasema nilihakiki mwanzoni mwa 2023, wakati ule wa tangazo la kuzima laini zisizohakikiwa. Akasema, "Tangu hapo?" Nikanyamaza. Akaniambia nichukue simu yangu, nibonyeze *106#, nichague sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Mtandao ule nilikuwa na laini moja tu, ileile ya miaka yote, ambayo wateja wa Bujumbura na Goma wanaijua. Orodha ikaja. Namba nne.

Nikaisoma mara mbili. Ya kwanza yangu. Tatu sizijui, na mojawapo ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi ya mezani.

Watu huniuliza nilianza lini kukumbuka. Nilikumbuka pale pale, kabla skrini haijazima.

Aprili mwaka ule, 2024, masika yamekolea, nilikuwa nashuka kutoka kwenye mtumbwi pale Mwaloni, ubao unateleza, simu ikaniponyoka ikazama. Ziwa halina kwikwi, likimeza limemeza. Siku hiyo hiyo nilikuwa nasubiri malipo, kwa hiyo nilikwenda mbio mjini kurudisha laini. Dukani kwenye ofisi yao foleni ilikuwa imefika nje. Karibu na Makoroboi kulikuwa na kijana chini ya mwamvuli, ana meza ndogo na mashine ya kidole. "Karibu mama, dakika tano tu." Mtu akikwambia dakika tano na wewe una gari linakusubiri, hata kama ungekuwa profesa utakaa.

Nikampa kitambulisho. Akakipiga picha kwa simu yake, mbele na nyuma. Sikuuliza kwa nini. Akaniambia niweke kidole. Nikaweka. Akaangalia mashine, akakunja uso. "Bonyeza tena mama, haijasoma." Nikabonyeza. "Bado. Jaribu kingine." Nikajaribu cha kati. "Vidole vyako vimeisha, mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia dagaa. Tukacheka. Akanipa kitambaa nipanguse, nikabonyeza mara ya nne, na safari hii akasema, "Imekubali!" kwa furaha kabisa, kama mtu aliyenisaidia. Nilimpa shilingi elfu mbili ya soda.

Sasa niseme jambo ambalo mtu asiyeshika dagaa hawezi kulielewa. Vidole vyangu ni kweli vimeisha. Miaka kumi na saba ya kugeuza dagaa juani, kukung'uta mchanga, kushika kamba za magunia na samaki wa chumvi; mistari ya vidole inakwanguka kama bati la zamani. Benki wananisumbua. Nilipoandikishwa NIDA, kitambulisho cha taifa, nilikaa kwenye kiti kile mpaka mwandikishaji akachoka. Kwa hiyo nikiambiwa "haijasoma", mimi nitakuwa wa kwanza kuamini. Nitaomba na samahani juu. Na kijana wa mwamvuli katika mji kama Mwanza, wenye wavuvi, wakulima na mafundi, anajua hilo vizuri kuliko daktari wa ngozi.

Utaratibu wa kusajili kwa alama za vidole, ule ulioanza Mei 2019, ulikuja ili laini isiwe na mmiliki hewa. Kidole chako na namba yako ya NIDA vinapelekwa kwenye kanzidata, vikilingana usajili unapita. Ni utaratibu mzuri, na silaumu waliouweka. Ila mashine haijui wewe unadhani unasajili nini. Kila kidole kinacholingana kinaweza kupitisha laini moja, na wewe uliyekaa upande wa pili wa meza unaona mgongo wa mashine tu. Mara ya kwanza huenda ilisoma vizuri kabisa. Mara ya pili, ya tatu na ya nne nilikuwa nawasajilia watu wengine laini, kwa hiari yangu, huku nacheka, na kutoa hela ya soda.

Laini kama hizo zina soko lake. Mhuni hataki laini yenye jina lake. Anataka yenye jina la mama mmoja wa Kirumba ambaye polisi wakimfuata, watampata bila shida.

Niliandika maelezo kurasa tatu. Sikuwekwa ndani, afande aliridhika kuniachia kwa dhamana ya mdogo wangu, niwe naripoti. Wiki zile nilikuwa naripoti kituoni na kurudi sokoni, na sokoni maneno yalikuwa yameshaiva. Kuna mteja wa siku nyingi alianza kunilipa taslimu, yeye ambaye alikuwa hatembei na taslimu. Hakusema kitu. Alikuwa anahesabu noti polepole, ananikabidhi, anaondoka. Ningependa angenitukana.

Kilichonitoa ni tarehe. Majibu yalipokuja kutoka kwa mtandao, zile laini tatu zilionekana zimesajiliwa siku moja na yangu kurudishwa, mashine moja, ndani ya robo saa. Afande akasema mwenyewe, "Mama, mtu anayejisajilia laini nne kwa mkupuo halafu akatapeli kwa jina lake kamili, huyo angekuwa mgonjwa." Nikaruhusiwa kuacha kuripoti. Nikaenda na barua na kitambulisho kwenye ofisi ya mtandao, safari hii nikapanga foleni mpaka mwisho, laini tatu zikafutwa mbele yangu, na sikutoka mpaka nilipobonyeza *106# palepale kaunta na kuona namba imebaki moja. Kijana wa mwamvuli hakupatikana. Mahali pake kuna mwingine, na pengine huyu ni mtu mwema. Mimi nikipita hapo navuka barabara.

Hela ya mzee haikurudi. Siku ya mwisho nilimkuta tena kwenye benchi lile, na safari hii afande alikuwa ameshamweleza. Aliitika salamu yangu. Nilitaka kumpa chochote, hata debe mbili za dagaa apeleke nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ameniambia njiani, "Dada, usimpe hata shilingi, utaonekana umekiri." Na mimi nikamsikiliza. Nilimsindikiza mzee mpaka kwenye kivuko, nikamlipia nauli, basi. Kisheria mdogo wangu alikuwa sahihi. Nauli ya Kamanga siwezi kuitaja hapa, ni aibu.

Baada ya hapo nilianza kuona vitu ambavyo vilikuwa mbele yangu siku zote.

Kwa mfano ile namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa jiulize ni watu wangapi sokoni kwetu namba yao ya siri ya hela ni mwaka wa kuzaliwa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Namba ya siri niliyomnyima mume wangu nilikuwa nimeiandika kwenye kitambulisho, nikakitoa nakala, nikakigawa mji mzima. Nilibadilisha usiku uleule. Hilo ndilo jambo jepesi, kwa sababu namba ya siri inabadilika. Kidole hakibadiliki. Ukishakiweka kwenye mashine ya mhuni huwezi kukirudisha, na huwezi kuota kingine. Ndiyo maana hizi semina za "usimpe mtu namba yako ya siri" naziona zimeishia nusu ya njia.

Au nakala. Pale kwa watu wa kutoa nakala, ile iliyotoka na weusi hutupwa kwenye boksi chini ya meza. Boksi likijaa linakwenda wapi? Juzijuzi nilinunua karanga za mia tano stendi ya Nyegezi, nikafungua kikaratasi, nikakutana uso kwa uso na kitambulisho cha mtu, picha, namba yote, sahihi. Karanga nilikula. Karatasi nikaichana vipande nikaitia mfukoni mpaka nyumbani kwenye jiko. Siku hizi nakala iliyoharibika naidai, na ile nzuri naandika juu yake kwa kalamu, kukatiza katikati, ni ya nini na tarehe: "Kwa ajili ya kufungua akaunti ya kikundi tu." Mhudumu mmoja alinuna akasema nimechafua karatasi. Akaipokea hivyohivyo.

Mpwa wangu anasoma sheria kule chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, na tangu lile sakata amekuwa wakili wa familia bila malipo. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayechukua taarifa zako akwambie anazichukulia nini. Nilimwambia, mwanangu, jaribu kumsomea hiyo kijana wa chini ya mwamvuli. Lakini nimeijaribu, na inafanya kazi kuliko nilivyodhani. Kwenye nyumba ya wageni moja huko Nansio mhudumu alitaka kukipiga picha kitambulisho changu kwa simu yake binafsi. Nikamuuliza picha hiyo itakaa wapi. Akakosa jibu, akachukua kalamu akaandika kwenye kitabu.

Mwenzangu mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa yalimkuta ya aina nyingine. Alituma picha ya kitambulisho na uso wake kwenye programu ya mikopo ya simu, akakopa kidogo, akalipa. Wakaendelea kumdai. Kisha wakaanza kuwatumia watu wote waliomo kwenye simu yake, hadi mchungaji, kwamba ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ambazo hazikuwa na leseni, akaikuta na yake humo. Afadhali alipata cha kuonyesha watu.

Na jirani yangu wa kizimba cha tatu alipoteza mtandao mchana mzima. Wingu lilikuwa zito ziwani, akasema ni mvua. Sisi wote tuliomzunguka tulikuwa na mtandao, hakuna aliyejiuliza. Kumbe kuna mtu mahali fulani alikuwa amerudisha laini yake kwa jina lake, na namba zote za uthibitisho za benki zilikuwa zinaingia kwa huyo mtu. Alipofika dukani jioni, akaunti imebaki na hela ya sabuni. Kwa hiyo pale kwetu sasa, mtu akisema "simu yangu haina mtandao", watu wa vizimba vinne wanachomoa simu zao kuangalia. Kama za wenzake wa mtandao uleule zinashika na yake haishiki, tunamfukuza aende dukani. Dagaa tutamuuzia.

Mimi nina siku yangu ya kuhakiki, na nimeiweka kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi haiingii ziwani, soko linapoa, ndiyo siku tunafunga hesabu. Nikimaliza daftari nabonyeza *106# kwenye laini zote mbili, maana ni mitandao miwili tofauti. Baba Kulwa naye. Mapacha nao tangu wapate laini zao. Ile meseji ya "ile hela" ikija sisomi tena kwa sauti kuchekesha watu. Naipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba iliyoituma. Inachukua muda mfupi kuliko kucheka. Kila nikiipeleka najiuliza ile namba imesajiliwa kwa vidole vya nani, na kama mwenyewe anajua.

Januari mama yangu alikuja kutoka Ukerewe. Simu yake ilikuwa na laini ya kaka yangu, nikasema sasa apate ya kwake, kwa jina lake. Tulikwenda ofisini, tukakaa kwenye viti vya foleni saa nzima, mama analalamika kiyoyozi kinamuumiza mifupa. Zamu ikafika. Binti wa kaunta alikuwa mpole, anamwita bibi. Mama akaweka kidole gumba. Kidole cha mihogo, cha jembe, cha miaka sabini na kitu.

"Haijasoma, bibi. Bonyeza tena."

Nilisimama. Nikasikia sauti yangu ikiwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Geuza mashine nione."

Watu kwenye viti waligeuka. Binti aliniangalia, hakukasirika, akaigeuza. Maandishi mekundu: alama hazilingani. Namba ya laini ni ile ile tuliyochagua, hakuna nyingine.

Ilikuwa kweli haijasoma. Nikashika kidole cha mama, nikakipangusa kwa pindo la kanga yangu, kwanza gumba, halafu cha shahada, akajaribu tena. Na tena. Mara ya tano ikakubali, na mashine ilikuwa bado imegeukia kwetu.